Kikohozi cha Pikipiki ya Kaka

Pikipiki ya kaka ilirudi nyumbani juu ya mkokoteni, imelazwa ubavu, na juu yake limewekwa gunia la vipande vidogo vidogo. Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, alikuwa ameketi mlango wa uani. Aliitazama, akageuza uso, akasema, "Hiyo katupeni baharini." Mwenye mkokoteni akaniangalia mimi. Nikamwambia aishushe pale chini ya banda la makuti na maneno ya watu ayaache yapite. Siku zile nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na waliokuja kutupa pole. Mtu anaingia, anakunywa kahawa, anasema kazi ya Mungu haina makosa, kisha anainama sikioni kwako kuuliza lile lori lilikuwa la rangi gani.

Rangi yake siijui mpaka leo. Ninachojua ni walichonieleza watu wa Dabaso: kaka alikuwa anatoka Kilifi kurudi kwetu Malindi, jua limeshaanza kupoa, lori la mawe likaingia upande wake likitaka kulipita gari jingine, naye akalikwepa na kugonga ukingo wa kalvati. Lori halikusimama. Walimpakia kwenye gari la msamaria aliyekuwa akielekea Kilifi, wamrudishe huko hospitalini, akakata roho kabla hawajafika.

Gunia lile alilijaza mwanamke wa Kigiriama anayekaanga mihogo kando ya barabara, pale pale. Watu walipokwisha kutawanyika yeye alibaki akiuchambua mchanga kwa mikono, akaokota kila alichodhani ni cha pikipiki: nati, vigae vya taa, kipande cha kiti, hata kalamu iliyokuwa mfukoni mwa kaka. Nilipokwenda kumshukuru alishangaa. "Huyu ni mutu wetu," aliniambia. "Mbuzi wangu wote wamepita mikononi mwake." Akanifungia mihogo niwapelekee waliokuwa matangani. Niliila mwenyewe njiani, nikilia.

Kaka alikuwa daktari wa mifugo. Kazi yake ilikuwa bara, Ganze na Bamba na vijiji vya huko ndani, kwa wakulima wenye mbuzi wanne na ng'ombe mmoja mgonjwa. Serikali ilimpa pikipiki mpya, nyepesi, isiyokula mafuta. Aliiacha ofisini ikalala mpaka buibui wakaijengea nyumba, yeye akaendelea na ile ya baba, ya Kiingereza, ambayo baba aliinunua kwa msimamizi wa shamba la mkonge aliyekuwa akihama. Ilikuwa imenizidi umri mimi, na mimi mwenyewe ndevu zimeshaingia mvi. Watoto wa bodaboda walikuwa wakiipigia saluti ikipita, kwa kejeli, na kaka akiwarudishia saluti yao kama jenerali.

Ubovu wake mkubwa ulikuwa ekzosi. Lile bomba la moshi lilitoboka miaka mingi iliyopita, na kaka, asiyejua kushika hata bisibisi sawasawa, aliliziba kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia, akalifunga kwa waya. Kwa hiyo pikipiki haikunguruma kama pikipiki nyingine. Ilikuwa ikienda vizuri hatua mbili tatu kisha inakwama koo, inaendelea, inakwama tena. Na kaka akishaizima, ikisubiri kidogo, ilikohoa mara moja peke yake, kama mzee aliyekwisha kulala. Mimi ni fundi wa jenereta na pampu za maji katika mahoteli ya Watamu. Kusikia chombo cha ndugu yangu wa tumbo moja kikikohoa hivyo mtaani kulikuwa kunanivunjia heshima, na nilimwambia. Akanijibu, "Wacha ikohoe. Mbuzi wameizoea." Ilikuwa kweli. Bara watu waliisikia toka mbali wakaanza kufungua mazizi.

Na mkewe aliisikia toka kona ya msikiti. Mtaa wetu ni wa vichochoro, sauti hugonga kuta na kufika kabla ya mtu. Shemeji akiusikia ule mkwamo wa kwanza pale kwenye kona, alikuwa anainua birika lililokuwa likichemka na kumimina. Kaka alipoegemeza pikipiki ukutani, nayo ikakohoa kile kikohozi chake cha mwisho, mlango ulikuwa umeshafunguliwa na kikombe kiko juu ya meza, vijiko vitatu vya sukari ndani. Mimi sukari siweki kabisa. Nikiwa kwao shemeji alinitengea kikombe changu mbali, akinitania kwamba nakunywa maji ya kuoshea sufuria. Mungu hakuwajaalia mtoto. Walikuwa wao wawili tu, na ile chai ya jioni.

Siku ile birika lilichemka mpaka maji yakakauka. Shemeji alisikia nyayo za watu wengi kichochoroni, hakusikia pikipiki, akajua.

Baada ya mazishi akaingia eda. Siku hizi wapo wajane wanaokaa eda na simu mkononi, wageni wanaingia na kutoka, lakini shangazi ni mtu wa zamani. Alihamia pale na mto wake na kopo lake la tambuu, akaamuru pazia zito litundikwe mlango wa uani, na akatangaza kwamba mwanamume asiye maharimu wake hatamtia shemeji machoni mpaka miezi minne na siku kumi itimie. Mimi niliyekula kwa mkono wa yule mwanamke miaka yote hiyo nilikuwa miongoni mwa hao wanaume. Sikubishana. Kubishana na shangazi ni kutwanga maji.

Khitma ilipopita, nikiwa uani nalitazama lile rundo la vyuma, shangazi akatoa kichwa nje ya pazia. "Yuwasema usiitupe," akanung'unika. "Yuwasema uitengeneze."

"Ya nini?" niliuliza.

Shangazi akarudi ndani. Nilisikia mnong'ono. Akatoka tena, na safari hii hakunitazama usoni. "Yuwasema siku ile hakuisikia ikirudi. Ataka kuisikia ikirudi, mara moja tu. Mimi nimemwambia la kuvunda halina ubani. Hasikii."

Basi hilo ndilo lililokuwa. Hakutaka ukumbusho wala hakutaka kuipanda. Alitaka jioni moja imalizike ilivyotakiwa kumalizika. Katika simu yangu mlikuwa na video ya harusi ya binamu yetu ambamo pikipiki inasikika ikipita nyuma ya matarumbeta, nikampelekea. Alijibu, kwa mdomo wa shangazi, kwamba ndani ya simu inalia kama mbu. Nikaona kumbe lipo jambo moja duniani ninaloweza kumfanyia mjane wa ndugu yangu, na ni jambo la spana. Nilishukuru, maana kwa maneno sina kitu.

Nilifanya kazi kila siku nikitoka Watamu, na Ijumaa baada ya sala. Foku, vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele, zilikuwa zimepinda, fremu imekwenda upande, tangi limebonyea pale palipogonga goti la kaka. Niliosha damu kwanza. Niliiosha peke yangu, kwa maji ya kisima, na shangazi, aliyekuwa ametaka itupwe baharini, akanitolea ubani na chetezo. Nilipomaliza niliketi kwenye kigoda. Nilikuwa nimemsitiri kaka kaburini kwa mikono hiyo hiyo na sikutetemeka, nikaja kutetemekea tangi la mafuta.

Fremu niliipeleka Kilifi, kwa fundi wa kuchomelea wa Kibarani, tukainyoosha kwa moto na jeki. Alisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilimwambia achomelee, methali ninazo nyingi nyumbani. Vipuri vya ndani nilivipata Malindi, katika duka la mzee mmoja wa Kibohora ambaye baba yake alikuwa akimuuzia baba yangu vipuri. Mzee yule alipanda ngazi mwenyewe, mguu baada ya mguu, akashuka na pete za pistoni zilizofungwa katika karatasi ya nta. Akapanda tena. Safari ya pili alishuka na kitu kirefu kilichoviringishwa gunia, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa ekzosi ya pikipiki ile, mpya, haijaguswa na moshi, inang'aa hata nikaona meno yangu ndani yake.

"Baba yako aliiagiza kwa marehemu baba," alisema. "Ilikuja imechelewa, naye hakuja kuichukua. Imewasubiri nyinyi." Nilipotia mkono mfukoni akaukamata. "Hii ni yenu tangu zamani. Nenda, mpe pole shemeji yako."

Furaha yangu siwezi kuificha. Nilifika nyumbani, nikaitwaa ile ekzosi ya zamani iliyojikunja kama ganda la muhogo, bati lake la kopo bado limening'inia kwa waya, nikampa mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa akipita na mkokoteni. Nikafunga mpya. Niliipiga msasa kila kona, nikapaka tangi rangi yake ya kijani, nikaweka breki mpya kabisa. Nyuma ya pazia nilijua kuna mtu anasikiliza. Mara nyingine nilisikia kiti kikisogezwa karibu. Siku moja nilikuwa nagonga nati iliyoganda, nikiitukana kwa sauti ndogo, shangazi akatoa kichwa. "Yuwasema marehemu alikuwa akiisomea bismillahi kwanza." Nikasema bismillahi, nikaendelea kuitukana.

Jioni ya kuiwasha niliomba shangazi aache kutafuna. Nikapiga kiki mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu ikashika. Ilinguruma sawasawa, laini, mpaka kuta za uani zikatetemeka kidogo, kama siku iliyotoka kiwandani. Niliiacha iende. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikaizima, na kukawa kimya.

Pazia halikutikisika. Nikasubiri. Mwisho shangazi akatoka. "Yuwasema ahsante," alisema. "Mungu akulipe."

Nilikuwa nafuta mikono niondoke aliposema shemeji mwenyewe, kutoka nyuma ya pazia. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti yake tangu msiba, na ilikuwa imekuwa ya mtu mzee. "Shemeji, kazi yako ni nzuri. Lakini hii ni pikipiki ya mtu mwingine."

Nilivaa viatu nikaondoka bila kuaga, na usiseme hujawahi kukasirikia mtu aliyefiwa. Nilipita vichochoroni nikijisemea kwamba mtu anavunja mgongo, anakosa usingizi, anakata vidole, halafu anaambiwa ni ya mtu mwingine. Nilifika kona ya msikiti. Bodaboda mmoja akapita na pikipiki yake mpya, inanguruma sawasawa, laini. Hakuna mlango uliofunguka. Ndipo nikafahamu nilichokifanya. Kaka alikuwa amebaki katika lile bati la kopo, na mimi nilikuwa nimelitoa kwa mkono wangu kumpa mwokota vyuma.

Yule mwokota vyuma nilimpata kesho yake. Alikuwa ameshauza mzigo wake kwa wanunuzi wa Kilifi. Nikaenda Kilifi, nikazunguka mashimo ya vyuma chakavu moja baada ya jingine, nikipekua mafriji na mabati na viti vya hospitali, wenye kazi wakinicheka. Mtu mzima amevaa shati la kazi ya hoteli, anatafuta ekzosi iliyotoboka. Niliikuta huko Kibarani, si mbali na yule fundi wa kuchomelea, chini ya milango ya magari. Niliikumbatia kifuani nikapaka masizi shati zima. Mwenye rundo akaniambia nichukue tu, akadhani nimerukwa na akili, na sikumlaumu.

Kuirudisha ilikuwa kazi ngeni kwangu. Maisha yangu yote nimelipwa nitoe ubovu katika mashine, na sasa nilikuwa natakiwa niurudishe pale pale ulipokuwa. Niliinyoosha ekzosi kwa kuipiga taratibu juu ya kipande cha reli. Bati la zamani lilikuwa limechanika, nikamwomba shangazi kopo la mafuta ya kupikia, nikalikata, nikaliziba tundu, nikalifunga kwa waya kama alivyofunga yeye, vibaya. Nikawasha. Shangazi akasikiliza ndani, akatoka. "Yuwasema ilikuwa nene kuliko hivyo." Nikalegeza waya. "Yuwasema sasa yalia kama kinu cha kusaga, punguza." Nikakaza. Tulikwenda hivyo jioni nyingi. Baadaye shangazi alichoka kutoka na kurudi, akajilaza kwenye mkeka pale katikati ya mlango, akasema, "Semeni wenyewe, mimi nipo."

Basi tukasemezana, yeye ndani na mimi nje, na pazia katikati. Alinieleza kwamba kaka akiwa amechoka alikuwa hakazi mafuta, na pikipiki ilikwama mara nyingi zaidi. Akiwa na furaha, labda ng'ombe wa mtu amezaa salama, alikuja mbio na mkwamo ulikuwa mmoja tu, pale kwenye kona. Akiwa na jambo la kuficha aliizima mapema na kuisukuma kidogo. Nilikuwa sijui hata moja kati ya hayo. Nilimjua kaka tangu ananibeba mgongoni, na kumbe kulikuwa na kaka mwingine, wa jioni, aliyejulikana na mtu mmoja tu duniani. Wivu uliniingia, nasema kweli. Na chini ya wivu majonzi, maana nilimpenda zaidi wakati hana tena haja ya kupendwa.

"Bado ya mwisho," shemeji aliniambia. "Ikishazimwa."

Kile kikohozi cha mwisho kilikuwa ugonjwa wa moto na mafuta kutokwenda pamoja, na nilikuwa nimeutibu vizuri sana. Niliutibua kwa makusudi. Niligeuza skrubu ya kabureta, nikarudisha nyuma mpangilio wa moto, kidogo kidogo, mpaka siku moja nikaizima, nikahesabu pumzi mbili, na pikipiki ikakohoa peke yake chini ya banda. Nyuma ya pazia nikasikia kwikwi moja, imezibwa kwa kitambaa.

Nilipaswa kuishia hapo. Alikwisha kuisikia. Lakini alisema ataka kuisikia ikirudi, na mimi fundi kazi nusu siiwezi. Siku iliyofuata niliitoa kuijaribu barabara ya kwenda uwanja wa ndege, bila kumwambia mtu. Ilikwenda vizuri, kwa ubovu wake wote. Upepo ulikuwa mzuri na kwa mara ya kwanza tangu msiba nikasahau, nikaiendesha tu. Nikarudi jua linaanza kupoa, nikaingia mtaani kwa kona ya msikiti, mkwamo mmoja. Sikuwaza ni saa ngapi. Niliiegemeza ukutani mbele ya mlango wa kaka, nikaizima. Ikakohoa.

Mlango ukafunguka.

Alikuwa amesimama kizingitini, hana mtandio, nywele wazi. Nywele zile sikupata kuziona maisha yangu yote. Uso wake ulikuwa umenawiri, unacheka, na nyuma yake nilisikia birika. "Leo mbona ume..." alianza. Kisha macho yake yakanifikia. Hakupiga kelele wala hakujifunika. Alinitazama, halafu akatazama nyuma yangu, kichochoroni, taratibu, upande huu na upande ule, kama mtu anayetafuta mwenzake ambaye amesimama kidogo kuzungumza na jirani.

"Nimesahau," alisema. "Shemeji, nimesahau."

Shangazi alitoka chumbani na tasbihi mkononi, akamshika mabega akamwingiza ndani, akafunga mlango. Nilibaki na pikipiki. Injini ilikuwa ya moto bado, ikitoa vile vilio vidogo vya chuma kinachopoa. Kwa kitambo kidogo, kisichofika hata pumzi moja, kaka yangu alikuwa hai ndani ya uso wa yule mwanamke, na mimi ndiye niliyemleta na mimi ndiye niliyemuua mara ya pili. Siku ya lori sikulia hivyo.

Eda ikaisha. Akaoga, akavaa, majirani wakamtoa kwa dua na udi, na mara ya kwanza tulipoonana, yeye amejitanda buibui lake, tuliulizana hali kama watu wa nyumba moja. Juu ya siku ile hakusema kitu. Alisema pikipiki ni yangu, niendee kazini, chombo kikikaa kinaoza. Sikuweza kukataa. Nyumba yangu iko nyuma ya yao, na hakuna njia nyingine ya pikipiki ila hiyo hiyo ya mbele ya mlango wao.

Nikajifunza kuiheshimu ile njia. Asubuhi niliisukuma mpaka nje ya msikiti ndipo nikapiga kiki. Jioni nikirudi kutoka Watamu, nilipofika kwenye kona niliizima, nikashuka, nikaisukuma kimya kimya mpaka nyumbani, jasho likinitoka, maana ni chuma kizito. Watoto wa bodaboda walinicheka wakauliza kama mafuta yameniishia kila siku mahali pamoja. Niliwaacha wacheke. Nilijua nina sababu, na niliona kwamba hatimaye nimepata njia ya kumhurumia shemeji bila kumuumiza.

Tulikwenda hivyo muda mrefu, mpaka mvua za masika zikaingia. Jioni moja nilikuwa nasukuma matopeni, nimeloa, nikapita mbele ya mlango wao, nikamkuta shemeji ameketi barazani na shangazi, wanachambua mchele. Nilisalimu. Shangazi akaitikia. Shemeji hakuinua uso kwenye ungo.

"Shemeji," alisema, "nina ombi, usinichukie."

"Sema, shemeji."

"Usiizime pale."

Nilisema sikutaka kumsumbua. Nilisema nilidhani akiisikia ikifika mlangoni itakuwa kama siku ile.

"Najua," alisema. Aliendelea kuchambua, chuya huku, mchele huku. "Lakini kila siku naisikia inakuja. Inafika kwenye kona, inakwama mara moja, halafu kimya. Kila siku unamfikisha pale, na kila siku hafiki. Mimi huketi ndani nikimsubiri mpaka maghrib. Siku ile alikufa mara moja. Sasa anakufa kila jioni, pale msikitini, na mimi namsikia."

Shangazi alikuwa ameacha kutafuna. Niliangalia mikono yangu. Ilikuwa na matope mpaka kwenye viwiko.

Niligeuza pikipiki palepale. Niliisukuma kurudi kwenye kona, mvua inanipiga, nikaipanguza plagi kwa shati, nikasema bismillahi, nikapiga kiki. Ilikataa, ikakataa, ikashika. Nikaiendesha polepole ndani ya kichochoro. Ikakwama koo, ikaendelea. Watu walifungua madirisha. Nikafika, nikaiegemeza ukutani pale pale ilipochubua chokaa miaka yote ile, nikaizima, na tukangoja wote watatu, na ikakohoa.

Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, mtandio umemzunguka uso. Safari hii hakutazama nyuma yangu. Alikuwa analia wazi, bila kujificha, na hakuufuta uso. "Haya," alisema. "Amefika." Akaingia ndani, nikasikia birika likiinuliwa.

Tuliketi barazani, shangazi katikati yetu. Shemeji aliniwekea kikombe mbele yangu. Nilionja. Ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Yeye alikuwa akinitazama kinywa, na sikujua kama amesahau au hakusahau. Nikanywa mpaka chini, nikamrudishia kikombe, nikamwambia chai yake ni nzuri.